Kuacha Kazi Mara Mbili: Kisa cha Franz Lehár, Mkuu wa Bendi

Februari 1896, katika bandari ya kivita ya Pola, mkuu wa bendi ya jeshi la majini la Austria-Hungaria aliacha kazi. Alikuwa hajatimiza miaka 26. Chini ya kijiti chake walikuwapo wapigaji zaidi ya mia moja, mshahara ulikuwa wa uhakika, na mji ule (leo unaitwa Pula, uko Kroatia) ulikuwa ukimjua. Aliyaacha hayo yote kwa ajili ya opera moja, yaani tamthilia ya kuimbwa, aliyoitunga usiku na usiku. Novemba 27 mwaka huohuo ikapandishwa jukwaani Leipzig, Ujerumani. Ikapigiwa makofi, ikasifiwa kwa adabu, ikazimika. Muda si mrefu yule kijana akawa amevaa sare tena, mbele ya bendi ndogo kuliko ile aliyoiacha.

Mwaka 1902 aliacha kazi ya jeshi mara ya pili, na safari hii hakurudi. Miaka mitatu baadaye Franz Lehár alikuwa mtunzi wa *Die lustige Witwe*, yaani Mjane Mchangamfu, opereta (opera nyepesi yenye nyimbo, dansi na mazungumzo) iliyozunguka dunia nzima na haijashuka jukwaani mpaka leo.

Wanaomjua Lehár wengi wanamjua kwa huyo mjane. Mimi kinachonivuta ni kule kuacha kazi mara mbili. Mtu ni yuleyule, kazi ni ileile, hata tamaa ni ileile. Mara ya kwanza alianguka, mara ya pili akapaa. Wazee wangesema aliacha mbachao kwa msala upitao, na kwa mwaka 1896 methali inakaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo. Lakini 1902 aliacha mbachao uleule na msala haukupita, akausalia maisha yake yote. Kwa hiyo methali peke yake haitoshi kukieleza kisa hiki. Inabidi tuutazame huo mbachao wenyewe ulikuwa umefumwa vipi.

Lehár alizaliwa Aprili 30, 1870, Komárom, kwenye ukingo wa mto Danube. Upande wa mji alikozaliwa leo ni Komárno, ndani ya Slovakia. Wakati ule wote ulikuwa Ufalme wa Hungaria. Baba yake, naye akiitwa Franz, alikuwa mkuu wa bendi ya Rejimenti ya 50 ya askari wa miguu. Mama yake, Christine Neubrandt, alikuwa mwenyeji wa Komárom, na nyumbani kwao Kihungaria ndicho kilichosemwa. Rejimenti ikihamishwa, familia nayo inafunga mizigo. Mdogo wake Anton alizaliwa Sopron mwaka 1876. Mtoto wa kambi hana mtaa wake, ana bendi. Huyu alikua akilala na kuamka kwa tarumbeta, akisikia nyimbo za kila kabila lililoandikishwa katika jeshi lile: Wahungaria, Wacheki, Waslovaki, Wakroatia, Wapolandi, Waromania. Lugha ya amri ilikuwa Kijerumani, ila askari akiimba jioni haimbi kwa lugha ya amri.

Akiwa na miaka 12 alipelekwa chuo cha muziki cha Prague kusomea fidla kwa mwalimu Antonín Bennewitz. Inasimuliwa kwamba mtunzi maarufu Mcheki Antonín Dvořák alizitazama tungo zake akamshauri aitundike fidla ukutani atunge. Hakuitundika. Mwaka 1888 alipata nafasi ya mpiga fidla katika okestra ya jumba la maonyesho huko Elberfeld, magharibi mwa Ujerumani, wala hakudumu. Akarudi chini ya bawa la baba yake, bendi ya Rejimenti ya 50 iliyokuwa Vienna. Mle bendini alikuwamo kijana mwingine, naye mtoto wa mkuu wa bendi, jina lake Leo Fall. Mlikumbuke hilo jina.

Mwaka 1890, akiwa na miaka 20, Lehár alipewa bendi yake mwenyewe: Rejimenti ya 25, mji mdogo wa Losonc (sasa Lučenec, Slovakia). Hapakuwa na mkuu wa bendi mdogo kuliko yeye katika jeshi zima.

Hapa nataka tukae kidogo, maana wasimulizi wengi wanapapita mbio kama kituo cha treni kisicho na abiria.

Mkuu wa bendi katika jeshi lile hakuwa ofisa kamili. Alivaa sare, alipigiwa saluti na watu wake, lakini sehemu kubwa ya fedha za bendi ilitoka katika mfuko waliouchangia maofisa wa rejimenti mifukoni mwao. Maana yake ni kwamba wasikilizaji wake ndio waliokuwa waajiri wake. Ofisa akichoka na muziki, haandiki makala gazetini. Anauliza mezani mchango wake unakwenda wapi. Mtunzi aliyesoma chuoni tu angeona huo ni utumwa. Inawezekana ulikuwa. Lakini ni shule ambayo chuo cha Prague kisingeweza kuifungua: kila juma unajua ni kipande gani kimewafanya watu wasogeze viti karibu, na ni kipi kimewapeleka kutafuta bia.

Halafu kazi yenyewe. Asubuhi ni gwaride. Jumapili ni kanisani. Akifa mtu mkubwa, bendi iko nyuma ya jeneza. Alasiri inapiga bustanini, watu wanatembea na watoto. Usiku inageuka kuwa okestra ya dansi, kwa sababu wapigaji wa bendi zile walitakiwa kujua zaidi ya chombo kimoja: aliyepuliza tarumbeta asubuhi, usiku unamkuta ameshika fidla. Mkuu wa bendi alilazimika kuandika kila kitu mara mbili, sauti za kupuliza na sauti za nyuzi. Aliyewahi kusimama kando ya uwanja siku ya sherehe za taifa, bendi ya polisi ikapita na wimbo wa gwaride kisha ikaingiza wimbo wa dansi uliovuma mjini, anaelewa nusu ya jambo hili. Nusu ya pili ni kwamba redio ilikuwa bado. Sahani za santuri zilikuwa hazijafika majumbani. Mji kama Losonc uliisikia opera mpya kutoka Milano au Dresden pale tu mkuu wa bendi alipoichambua, akaikata, akaigawa kwa klarineti na tromboni, akaipiga bustanini. Kuichambua kazi ya mwenzako hadi sauti ya tuba, juma baada ya juma, kwa zaidi ya miaka kumi, sijui kama kuna somo la utunzi linaloishinda hiyo.

Sasa kwa nini mtu mwenye shule kama hiyo alitaka kuikimbia?

Jibu lina jina: Mascagni. Mei 17, 1890, mjini Roma, opera fupi iitwayo *Cavalleria rusticana* ilimfanya Pietro Mascagni kuwa maarufu kwa usiku mmoja. Na huyo Mascagni kabla ya usiku ule alikuwa nani? Alikuwa mwalimu wa muziki na kiongozi wa bendi katika Cerignola, mji wa mashambani kusini mwa Italia, aliyeshinda shindano la mchapishaji wa muziki. Habari kama hiyo ikimfikia kijana wa miaka 20 aliyetupwa Losonc na fimbo ya kuongozea bendi mkononi, haimwachi alale. Ni kama kijijini anaporudi mmoja na gari, kila kijana anaanza kuuza mbuzi. Lehár akaandika opera ya tendo moja, *Rodrigo*, iliyobaki kwenye makaratasi. Mwaka 1894 akahamia jeshi la majini huko Pola, na pale akakutana na ofisa wa majini aliyependa ushairi, Felix Falzari. Wakaungana kuandika *Kukuschka*, hadithi ya Urusi, ya mapenzi na wafungwa wa Siberia.

Tuitazame hesabu ya 1896 kwa macho makavu. Lehár aliacha kazi Februari. Pazia lilifunguliwa Novemba. Miezi tisa ya kula akiba kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Opera nzito inahitaji jumba kubwa, waimbaji wa gharama, na mkurugenzi aliye tayari kumtanguliza mtu asiyejulikana mbele ya Wagner na Verdi, mabingwa wa opera. Majumba ya namna hiyo yalihesabika. Ili *Kukuschka* imlishe, ilibidi ihame Leipzig iende mji wa pili, wa tatu, wa kumi. Haikuhama kwa kasi ya kulisha mtu. Budapest iliipokea mwaka 1899, na kwa sifa hiyo tu alikuwa ameshasubiri miaka mitatu.

Hilo ni tatizo la fedha, na kila mchambuzi huliona. Mimi naona kubwa kuliko hilo: aliandika kwa ajili ya watu ambao hakuwahi kupiga mbele yao. Wasikilizaji wa Leipzig hakuwajua. Hakuwahi kuwaona wakisogeza viti. Wasikilizaji aliowajua, mabaharia na wake za maofisa wa Pola, aliwaacha bandarini pamoja na yote waliyomfundisha. Katika *Kukuschka* alitaka kuonekana mtunzi aliyesoma. Bendi aliiacha mlangoni kama viatu.

Akarudi. Kwanza Rejimenti ya 87, pwani ileile ya Adriatiki. Februari 1898 baba yake akafariki Budapest, na mwana akapokea kijiti cha baba katika Rejimenti ya 3 ya Bosnia-Herzegovina, askari wenye tarabushi nyekundu kichwani, wengi wao Waislamu. Sijui kama kuna jambo linalomshusha mtu aliyejaribu kuruka kuliko kurudi kukalia kiti cha marehemu baba yake. Lakini mwaka uliofuata alihamishiwa Rejimenti ya 26, na rejimenti hiyo ilikuwa Vienna.

Tazama tarehe. Lehár anaingia Vienna mwaka 1899. Franz von Suppé amekufa 1895. Carl Zeller amekufa 1898. Johann Strauss, mfalme wa walzi (dansi ya kuzunguka ya watu wawiliwawili), anakufa Juni 1899. Karl Millöcker anamfuata mwaka huohuo, Desemba 31. Ndani ya miaka mitano mabwana wote wa opereta ya Vienna wamezikwa, na majumba yale bado yanafungua milango kila jioni, waimbaji wanadai mishahara, watu wanadai nyimbo. Kama ni bahati, hiyo ndiyo bahati yenyewe, na wala siipunguzi. Lakini maelfu ya watu walikuwa Vienna mwaka ule. Njaa ya soko inamfaa aliyekuja na chakula kilichoiva.

Na yeye alikuwa anapika kila siku, kwa amri. Vienna ilikuwa mji wa dansi za msimu: kabla ya Kwaresima kila chama na kila taaluma ina usiku wake wa dansi, na kila usiku unataka walzi yake mpya. Madaktari wakapata yao mwaka 1901, Lehár akaipa jina la mungu wa tiba, *Asklepios*. Januari 27, 1902, Pauline Metternich, bibi wa ukoo wa kikabaila, aliandaa dansi ambayo mapambo yake yote yalikuwa dhahabu na fedha, na Lehár akaja na *Gold und Silber*. Usiku ule haikutikisa ukumbi. Iliposafiri ndipo ikawa moja ya walzi zinazopigwa zaidi duniani. Wakati wa baridi bendi yake ilipiga kwenye uwanja wa watu wa kuteleza barafuni, na inasimuliwa kwamba binti mdogo wa Victor Léon, mwandishi maarufu wa maneno ya opereta, aliusikia hapo wimbo wa gwaride wa Lehár akakaa akiuimba nyumbani mpaka baba akauliza ni wa nani. Hata kama hadithi imetiwa sukari, mwelekeo wake ni wa kweli: Lehár hakwenda kubisha hodi kwa Léon na opera kwapani. Bendi ndiyo iliyomtangulia mlangoni.

Mwaka 1902 rejimenti ikaamriwa kuhama Vienna kwenda Győr, Hungaria. Hapo tena akatakiwa kuchagua, na safari hii vilivyokuwa mezani vilikuwa vingine. Walzi yake ilikuwa imekwisha chapishwa. Watu wa bustani ya Prater na wa barafuni walilijua jina lake. Nafasi ya kuongoza okestra ilikuwa inamngoja katika jumba la maonyesho la Theater an der Wien, kwa hiyo aliacha ajira akaenda ajira. Alikuwa na waandishi wawili wa maneno waliotaka kufanya naye kazi, na majumba mawili yanayoshindana. Novemba 21 akafungua *Wiener Frauen* katika jumba hilohilo alikoajiriwa. Desemba 20, mwezi haujatimia, *Der Rastelbinder* ikafunguliwa kwa mshindani, Carltheater. (Mwajiri gani anafurahia hivyo? Kazi ya kuongoza okestra haikudumu.) *Der Rastelbinder* ndiyo iliyoshika. Inahusu fundi wa masufuria wa Kislovaki, mmoja wa wale waliotembea himaya nzima wakiziba vyungu kwa waya na bati, na ina Myahudi muuza vitunguu anayechekesha na kuliza. Hao ni watu wa kule Losonc. Alikuwa amewapigia muziki.

Mtu asidhani kuanzia hapo ilikuwa mteremko. *Der Göttergatte* na *Die Juxheirat*, zote za 1904, hazikwenda mbali. Na maneno ya Mjane, aliyoyaandika Victor Léon pamoja na Leo Stein, hayakupelekwa kwake kwanza. Yalipelekwa kwa Richard Heuberger, mtu mzima mwenye jina, ambaye muziki wake haukuwaridhisha. Ndipo wakamgeukia mtoto wa kambi. Wakurugenzi wa jumba hawakuwa na imani nayo, wakaipa maandalizi ya kubana matumizi. Ikafunguliwa Desemba 30, 1905. Siku za kwanza viti vilijazwa kwa tiketi za bure. Halafu havikuhitaji tena kujazwa. London, jumba la Daly's, ilianza Juni 1907 ikapigwa mara 778. New York ikafuata Oktoba mwaka huohuo.

Sasa ifungue nota ya Mjane uhesabu kilichomo. Kuna walzi, ndiyo, lakini inachelewa. Wapenzi wawili wanagombana kitendo kizima ndipo walzi inawasaliti, miguu inasema ambacho midomo imekataa. Kuna mazurka na polonezi za Wapolandi. Kitendo cha pili kinafunguliwa kwa dansi ya kolo ya Wabalkani, tamburitsa (vyombo vya nyuzi) zikilia jukwaani, kisha mjane anaimba hadithi ya Vilja, jini la msituni. Wanaume saba wanalalamika juu ya ugumu wa kuwaelewa wanawake, na wanalalamika kwa mwendo wa gwaride, kushoto-kulia, kama rejimenti iliyoshindwa vita. Kuna kekiwoki ya Wamarekani weusi, dansi iliyokuwa mpya Ulaya. Hii ni programu ya bustanini. Ni ileile aliyoipanga kila Jumapili alasiri ili kila aliyeketi apate chake na asichoke kabla ya chake kufika. Tofauti ni kwamba sasa vipande vina watu ndani yake, na kila dansi ina sababu ya kuwa pale ilipo. Hata shujaa wake, Danilo, alikuwa luteni wa farasi. Mkuu wa bendi alikuwa amewatazama maluteni wa namna hiyo wakinywa na kukopa kwa miaka kumi na miwili.

Na ule ufundi wa kuandika kila kitu mara mbili haukupotea. Okestra ya Lehár ina rangi ambazo opereta za kabla yake hazikuwa nazo. Sauti moja inachungulia nyuma ya nyingine. Alma Mahler aliandika baadaye kwamba yeye na mumewe Gustav, ambaye hapo Vienna alikuwa mkurugenzi wa Opera ya kifalme, waliitazama, wakarudi nyumbani wakicheza walzi yake, na kuna mahali pamoja hawakuweza kupakumbuka. Kwa kuwa waliona haya kuinunua, wakaenda duka la nota la Doblinger. Gustav akamshughulisha muuzaji kwa maswali, Alma akachungulia kurasa. Naamini kisa hiki kwa sababu kinawachekesha wasimulizi wenyewe.

Atakuja mtu aniulize: kama bendi ndiyo siri, mbona wakuu wa bendi wote hawakuwa akina Lehár? Swali la haki. Himaya ilikuwa na wengi. Carl Michael Ziehrer aliongoza bendi maarufu ya Rejimenti ya 4 ya Vienna, akaivusha bahari hadi maonyesho ya Chicago ya 1893, akatunga opereta, na nje ya Vienna watu wachache wanamkumbuka. Julius Fučík, Mcheki aliyesoma Prague kwa mwalimu yuleyule Bennewitz na kwa Dvořák pia, alibaki na bendi za jeshi mpaka 1913. Wimbo wake wa gwaride wa 1897, *Kuingia kwa Wapambanaji*, leo kila mtoto aliyewahi kwenda sarakasi anaujua bila kujua jina la aliyeutunga. Na yule Leo Fall niliyesema mlikumbuke jina lake akawa mtunzi wa opereta aliyeshindana na Lehár uso kwa uso. Shule ilikuwa moja, wanafunzi wakatoka mbalimbali. Bendi haikumtengeneza Lehár. Ila Lehár wa 1896, aliyejaribu kutoka bila kuichukua, alitoka mikono mitupu.

Kuna mtu mmoja ambaye pengine asingekubaliana nami, naye ni Lehár mwenyewe. *Kukuschka* hakuitupa. Aliifumua akaifuma upya kwa jina la *Tatjana*, ikapigwa Brno mwaka 1905, mwaka uleule wa Mjane. Baada ya utajiri, baada ya *Der Graf von Luxemburg* na nyumba ya kifahari kule Bad Ischl, baada ya Puccini, mtunzi wa opera wa Italia, kuwa rafiki yake, bado aliusaka mlango wa opera. Katika miaka ya 1920 sauti ya mwimbaji Richard Tauber ilimpa njia ya opereta zenye majonzi, zisizoisha kwa harusi: *Paganini*, *Der Zarewitsch*, na *Das Land des Lächelns* ya 1929. Januari 20, 1934, akiwa na karibu miaka 64, alisimama mwenyewe mbele ya okestra ya Opera ya Taifa ya Vienna kuongoza *Giuditta*. Redio zaidi ya mia zilirusha onyesho lile. Alichokitaka Leipzig alikipata baada ya miaka 37, na alikipata kwa kuzunguka.

Ule mbachao ulikuwa na upande wa chini pia. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria. Hitler aliipenda sana Mjane Mchangamfu. Mke wa Lehár, Sophie, alizaliwa Myahudi. Wanazi walimpa hadhi ya pekee, akabaki hai. Waandishi wa Lehár karibu wote walikuwa Wayahudi, na majina yao yakafutwa kwenye mabango huku muziki ukiendelea kupigwa. Fritz Löhner-Beda, aliyeandika maneno ya *Das Land des Lächelns* na *Giuditta* pamoja na wenzake, alipelekwa kambi ya mateso ya Dachau, kisha Buchenwald, akafia kambi ya Auschwitz Desemba 1942. Louis Treumann, Danilo wa kwanza, alifia kambi ya Theresienstadt mwaka 1943. Lehár alibaki, akapokea nishani. Alikuwa mzee, mgonjwa, na ana mke wa kumlinda. Hilo ni kweli na lina uzito. Lakini nikikumbuka mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo chakula kilitoka kwenye michango ya maofisa, aliyejifunza tangu utoto kupiga anachotaka mwenye meza, sioni ajabu kwamba hakuweza kugoma kupiga. Sophie alifariki 1947 Zürich. Yeye akarudi Bad Ischl, akafa Oktoba 24, 1948.

Nimekiacha kwa makusudi kipande kimoja cha katikati. Mwaka 1914 vita vilipoanza, Anton, yule mdogo wake aliyezaliwa Sopron, alikuwa ofisa vitani, akajeruhiwa vibaya. Lehár akaandika kazi kwa sauti moja ya mwanamume na okestra, akaiita *Fieber*, yaani Homa. Askari kijana amelala hospitalini, anaweweseka. Walzi ya usiku wa dansi inapita kichwani mwake, inavunjika. Nyimbo za gwaride zinaingia, zilezile ambazo mkuu wa bendi alizipiga asubuhi na asubuhi ili vijana watembee kwa mstari, na sasa zinakuja vipandevipande, nje ya mwendo, shaba inapiga kelele kama mlango wa bati kwenye dhoruba. Hakuna opereta yoyote ya Lehár yenye sauti kama hiyo. Mwishoni muziki unanyamaza karibu wote, na mwimbaji anatoa taarifa kwa daktari, kikazi, kama askari anavyoripoti: kadeti wa kitanda namba nane amekufa.